Umefunga breki lakini toroli bado linasogea? Anza kuangalia magurudumu yake hapa

Kwenye toroli la chipsi kuna vitu viwili ambavyo havitakiwi kusogea hata kidogo wakati kazi inaendelea: karai la mafuta ya moto na mtungi wa gesi. Vyote viwili vinategemea kitu ambacho wauzaji wengi hawakiangalii mpaka siku kiharibike, yaani vile vigurudumu vinne vya chini na kile kichuma cha kukanyaga cha kufungia breki.

Mafuta ya kukaangia huwa kwenye nyuzi joto 170 hadi 180 hivi. Toroli likishtuka ghafla, mafuta yanaruka ukingo wa karai, na anayesimama mbele ya karai ni mteja, mara nyingi mtoto aliyetumwa na mamake. Wengine nao huweka mtungi chini, kando ya toroli. Hapo toroli likiteleza, kinachovutwa ni mpira wa gesi, na moto uko hatua moja tu kutoka hapo.

Sasa wengi wakiona toroli linasogea wanasema breki ni mbovu, wanakwenda kununua nyingine kama ile ile. Mara nyingi breki haina kosa. Breki inafunga gurudumu, haifungi toroli. Kinacholishikilia toroli ni kile kipande kidogo cha gurudumu kinachogusa ardhi, ambacho upana wake labda ni kidole gumba. Kama hapo panateleza, au gurudumu lenyewe limening'inia hewani, unaweza kufunga breki zote nne na toroli likaondoka zake.

Kwa hiyo ukienda dukani, uwe unajua tayari toroli lako lina uzito gani na linasimama kwenye ardhi ya namna gani. Aina ya breki unaitafuta baada ya hapo. Hayo hayo yanahusu mashine ya kuchomelea kwenye karakana, meza ya saluni, kitanda cha hospitali na kiti mwendo cha bibi nyumbani, lakini tuanze na toroli la biashara kwa sababu ndilo linalobeba moto barabarani.

Breki zenyewe ziko za aina tatu

Gurudumu la toroli linaloweza kugeuka kila upande lina mizunguko miwili. Wa kwanza ni gurudumu kujizungusha kwenye ekseli yake, ndiyo toroli linakwenda. Wa pili ni gurudumu zima kugeuka kulia na kushoto kwenye shina lake, ndiyo toroli linakata kona. Hapa ndipo watu wanapouziwa wasichokitaka.

Breki ya bei ndogo hufunga mzunguko wa kwanza tu. Unakanyaga, kichuma kinabana gurudumu, haliviringiki tena. Lakini shina bado liko huru. Mteja akiegemea kona ya toroli, shina linageuka na toroli linasogea sentimita kadhaa kabla ya kutulia. Ukisukuma upande wa pili, linarudi. Huo ndio ule mtikisiko unaoufanya ubao wa kukatia nyanya uwe unatembea. Kwa meza ya vifaa vya saluni si neno. Kwa karai la mafuta, hapana.

Aina ya pili hufunga yote mawili kwa kukanyaga mara moja: gurudumu haliviringiki na shina haligeuki. Hii ndiyo ya kutafuta kwa toroli lolote lenye moto, vioo au kisu. Bei yake iko juu, na kwa maoni yangu hapa si mahali pa kubana matumizi.

Aina ya tatu hufunga shina tu, gurudumu linabaki linaviringika. Kazi yake ni kulifanya toroli refu liende moja kwa moja bila kuyumba, kama kwenye korido ya hospitali au ghala. Siyo breki ya kusimamishia. Nimeona watu wakiinunua kwa sababu ina kichuma cha kukanyaga kinachofanana na breki, halafu wanashangaa toroli linashuka mteremko huku "limefungwa".

Namna ya kutofautisha dukani ni rahisi. Liweke gurudumu juu ya meza, kanyaga au bonyeza kichuma, kisha jaribu mambo mawili kwa mkono: lizungushe gurudumu, halafu ligeuze shina. Vyote vikigoma, umepata aina ya pili. Usitegemee picha kwenye boksi. Na usimuulize muuzaji "lina breki?" maana atakujibu ndiyo, na hatakuwa amedanganya. Muulize, "Linafunga na kugeuka pia?"

Uzito: gawa kwa tatu, usigawe kwa nne

Magurudumu mengi mazuri yana namba ya uzito, imegongwa kwenye chuma au imeandikwa kwenye boksi. Ni uzito ambao gurudumu moja linabeba. Watu wanachukua uzito wa toroli, wanagawa kwa nne, wanaridhika.

Tuseme toroli lako la chuma na kioo lina kilo 45. Mafuta lita 10 ni kama kilo 9. Mtungi wa gesi wa kilo 15 ukiwa umejaa, pamoja na chuma chake, unakaribia kilo 30. Viazi nusu gunia, kilo 50. Ndoo ya maji ya lita 20, kilo 20. Jumla kilo 154. Ukigawa kwa nne unapata kilo 38 na ushee, unanunua magurudumu ya kilo 40, unajiona umemaliza.

Tatizo ni kwamba ardhi ya mtaani haijanyooka. Toroli la miguu minne likisimama kwenye ardhi yenye mabonde, linasimama kwa miguu mitatu, ule wa nne umegusa tu au umening'inia. Kwa hiyo mafundi wanaojua hugawa kwa tatu. Kilo 154 kwa tatu ni kilo 51 na kidogo. Halafu kuna kuruka mashimo, kuna kupandisha ukingo wa lami, kuna mtu kukaa juu ya toroli jioni biashara ikiisha. Chukua la kilo 70 au zaidi na utalala usingizi.

Gurudumu likizidiwa uzito halivunjiki siku hiyo hiyo. Linaanza kupinda fremu kidogo kidogo, gololi za kwenye shina zinachimba njia yake, kisha breki inaanza kushika upande mmoja tu kwa sababu gurudumu halijakaa sawa na kile kichuma. Ukiona hivyo, kubadilisha breki peke yake hakusaidii kitu.

Halafu kumbuka: lile gurudumu lililoning'inia hewani linaweza kuwa ndilo lenye breki. Toroli lenye breki mbili kati ya magurudumu manne linaweza kujikuta lina breki moja tu inayofanya kazi, kwa sababu tu ya pale uliposimama. Ndiyo maana kwa ardhi mbovu nashauri breki nne. Kama uwezo ni wa mbili, ziweke upande unaosimama wewe ili mguu uzifikie. Breki usiyoifikia kwa mguu hutaifunga, hata kama ni ya dhahabu.

Raba, nailoni au chuma?

Raba inang'ang'ania ardhi vizuri na haipigi kelele. Ikifungwa breki kwenye zege au lami kavu, inatulia. Adui yake ni mafuta. Mafuta ya kupikia, dizeli na oili huila raba ya kawaida: inavimba, inalainika, mwisho inamegeka. Ukiuza chipsi na una magurudumu ya raba, yafute kila jioni.

Nailoni, ile plastiki ngumu nyeupe, hubeba uzito mkubwa na huviringika kwa wepesi. Mafuta hayaisumbui wala maji. Lakini ni ngumu na inateleza. Kwenye vigae vilivyolowa, gurudumu la nailoni lililofungwa breki linaweza kuteleza kama sabuni, na ukiangalia breki utaikuta imebana vizuri kabisa. Jikoni mwa hoteli hili hutokea sana, na lawama huenda kwa breki.

Katikati ya hizo mbili kuna poliyurethani. Kwa macho inafanana na raba ngumu, mara nyingi ni nyekundu, ya njano au ya rangi ya chungwa, imevikwa juu ya chuma au plastiki. Inashika vizuri kuliko nailoni, inabeba zaidi kuliko raba laini, na inavumilia mafuta. Kwa toroli la chakula linalosimama kwenye zege au vigae, ningechukua hii. Haipendi joto kali, kwa hiyo kama unatumia mkaa hakikisha kaa la moto halidondoki juu ya gurudumu. Na baadhi ya aina zake, zikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu, huanza kumeguka kama biskuti hata kama hazijatumika sana. Ukikuta dukani gurudumu la aina hiyo lililokaa rafu moja miaka nenda rudi, likwaruze kwa ukucha. Likitoa unga, liache hapo hapo.

Kwenye mchanga na vumbi, kama Pwani au mitaa isiyo na lami, gurudumu dogo la aina yoyote litazama tu. Hapo unahitaji kubwa. Madukani yanatajwa kwa inchi, kwenye boksi yanaandikwa milimita: inchi 4 ni milimita 100, inchi 5 ni 125, inchi 6 ni 150, inchi 8 ni 200. La inchi 3 linakwama kwenye kila kokoto. Kwa toroli linalosukumwa barabarani kila siku, chini ya inchi 6 ni kujitesa. Tairi la upepo linapita kwenye mchanga vizuri kuliko yote, ila likipungua upepo toroli linainama upande na breki inayobana juu ya tairi inakosa cha kubana.

Mteremko mdogo una nguvu kuliko unavyodhani

Chukua mteremko unaoshuka sentimita 1 kwa kila sentimita 12. Ni ule ule unaotumika nchi nyingi kama kikomo cha njia za viti mwendo kwenye majengo, maana yake si mkali. Toroli la kilo 154 likisimama hapo linavutwa kushuka kwa nguvu sawa na uzito wa karibu kilo 13. Muda wote, asubuhi hadi usiku, bila kuchoka. Mwaga maji kidogo chini ya gurudumu, au liache mvua ya dakika tano lipigwe, uone.

Kwenye mteremko, uzito wa toroli unaegemea magurudumu ya upande wa chini. Hayo ndiyo yanayoshika zaidi, kwa hiyo kama una breki mbili tu, ligeuze toroli ili zenye breki ziwe upande wa chini. Halafu weka kabari. Madereva wa malori wanajua hili tangu zamani, wana gogo lao au jiwe nyuma ya tairi hata kama hendibreki ni mpya. Vipande viwili vya mbao vilivyokatwa pembe tatu, vimefungwa kamba kwenye toroli ili visipotee, havifiki hata bei ya sahani mbili za chipsi.

Jambo jingine, breki hizi ni za kusimamishia kitu kilichokwisha simama. Toroli likiwa linashuka kwa kasi, usilikanyage breki kulizuia. Kichuma kinaweza kuvunjika, au gurudumu likagoma ghafla na toroli zima likalala kifudifudi pamoja na vilivyomo. Na mafuta yakiwa ya moto, toroli halisogezwi kabisa, hata kwa "hapo tu". Yapoe kwanza.

Kufunga kuna namna yake

Ukisukuma toroli kwenda mbele, magurudumu yanayogeuka hujilaza nyuma ya mashina yake. Ukilivuta nyuma, yanageuka kwenda mbele. Maana yake ni kwamba msukumo wako wa mwisho ndio unaoamua magurudumu yamekaa wapi wakati unafunga breki.

Yakiwa yamejilaza kuelekea ndani, chini ya tumbo la toroli, mahali pa kusimamia panakuwa pembamba na toroli refu linakuwa rahisi kupinduka. Tena kichuma cha breki kinakuwa kimejificha ndani, unakitafuta kwa ncha ya kiatu. Yakiwa yameelekea nje, toroli limetanua miguu. Kwa hiyo ukifika kijiweni, lisogeze kidogo mbele au nyuma mpaka magurudumu yatazame nje na vichuma vikuelekee wewe, ndipo ufunge. Ni sekunde tano. Kisha lisukume kwa nyonga kutoka pande zote mbili. Kama linacheza, litafutie pengine kabla hujawasha jiko.

Hapo hapo niseme jambo ambalo wauza magurudumu hawatalipenda. Kama toroli lako linasukumwa mara mbili tu kwa siku, asubuhi kuja na usiku kurudi, huenda hukuhitaji magurudumu manne. Magurudumu mawili makubwa upande mmoja na miguu miwili ya chuma upande wa pili yanatosha. Unainua mpini, linatembea. Unateremsha, linakaa kwenye miguu yake na asilimia kubwa ya tatizo la breki imekwisha. Mkokoteni umefanya kazi kwa mtindo huo miaka yote. Mwambie fundi aweke vipande vya raba chini ya ile miguu, na uzito mkubwa kama mtungi na viazi ukae upande wa magurudumu ili usiumie mgongo ukinyanyua.

Kwa mashine nzito za karakana pia, kama mashine ya kutobolea au meza ya msumeno, miguu ya kuskurubu inayoteremshwa mpaka magurudumu yaelee ni bora kuliko breki yoyote. Kompresa inatetemeka, na kitu kinachotetemeka hutembea hata kikiwa kimefungwa.

Kwa fundi: usichomelee gurudumu

Ukienda Gerezani pale Dar es Salaam, au Kamukunji Nairobi, fundi atakutengenezea toroli vizuri tu. Mzuie jambo moja. Wengi huchomelea bamba la gurudumu moja kwa moja kwenye mguu wa toroli. Ule moto unayeyusha grisi kwenye gololi za shina, unaharibu plastiki iliyo karibu, na unaunguza ile rangi ya fedha ya zinki inayozuia kutu. Moshi wa zinki ikiungua si wa kuvuta. Unaweza kumpa fundi homa, baridi na maumivu ya mwili usiku ule ule, na akadhani ni malaria. Halafu gurudumu likifa, unalikata kwa gurainda pamoja na nusu ya mguu.

Njia nzuri ni fundi achomelee bamba lake la chuma kwenye mguu, la unene wa milimita 4 au 5, alitoboe matundu manne, kisha gurudumu lifungwe kwa bolti. Bolti nne, siyo mbili za kukatiza. Zinazoingia ni za milimita 8 au 10 kutegemea tundu. Weka washa ya springi au nati ile yenye plastiki ndani, maana mtikisiko wa barabara hulegeza nati ya kawaida ndani ya wiki chache. Na bamba likae sawa kabisa na ardhi. Likiinama kidogo, gurudumu litakuwa linageuka lenyewe kutafuta upande wa chini, na toroli litavuta upande mmoja maisha yake yote.

Wakati wa kununua, angalia pia shina limeunganishwaje. Lenye bolti na nati katikati unaweza kulikaza likilegea. Lililopigwa ribiti likilegea ndiyo basi. Kama toroli ni zito, kichuma cha kukanyaga kiwe cha chuma kweli, siyo plastiki.

Matunzo ya wiki

Kinachoua magurudumu mengi ni uchafu kabla ya uzito. Nywele, nyuzi, vipande vya mfuko na kamba za nailoni hujisokota kwenye ekseli mpaka gurudumu linakuwa gumu. Saluni na kwa mafundi cherehani ndio balaa zaidi. Mara moja kwa wiki lilaze toroli ubavu likiwa tupu, kata uchafu huo kwa wembe au kisu chembamba na uuvute. Mara nyingi "beringi imekufa" ni nywele tu.

Kisha grisi. Inakwenda sehemu mbili: kwenye gololi za shina na kwenye ekseli. Mengine yana kichuchu cha kupampia. Kama hakuna, paka kidogo na uzungushe mpaka iingie. Oili chafu ya gari usitumie, inanasa vumbi na mchanga na kugeuka msasa. Na grisi isiguse kabisa sehemu inayoviringika wala kichuma cha breki. Tone moja pale na breki yako inakuwa pambo. Likidondokea, futa kwa kitambaa chenye sabuni, kausha.

Baada ya hapo kaza bolti na nati ya ekseli, halafu angalia sura ya gurudumu. Likiwa na sehemu bapa, kuna siku limeburutwa likiwa limefungwa. Hii inatokea sana mgambo wakitokea ghafla: mtu anavuta toroli bila kufungua breki, gurudumu linasuguliwa upande mmoja mita ishirini. Tangu siku hiyo linagonga kama moyo wa mtu aliyekimbia. Ndiyo maana breki nzuri ni ile inayofunguka haraka kwa mguu mmoja vilevile. Kama yako inahitaji kupigwa nyundo ndipo ifunguke, isafishe, itie grisi kwenye pini yake tu, na ikigoma tena ibadilishe.

Gurudumu likiisha, kile kichuma hakilifikii tena. Baadhi ya breki zina skurubu ndogo ya kusogeza kichuma karibu, izungushe robo kwa robo huku unajaribu. Zisizo na skurubu, umefika mwisho wake. Ukibadilisha, badilisha mawili ya upande mmoja kwa pamoja, ya kipimo kile kile. Gurudumu jipya refu kuliko mwenzake kwa nusu sentimita tu linatosha kufanya toroli liyumbe kama meza ya baa.

Walioko pwani wana kazi ya ziada. Hewa ya chumvi hula zinki haraka. Suuza kwa maji baridi, kausha, tia grisi. Ukiweza kupata ya chuma kisichoshika kutu, yatakugharimu zaidi siku ya kununua lakini hutarudi dukani kila mwaka.

Kitanda na kiti mwendo

Wodini, vitanda vingi vya kisasa vina kanyagio linalofunga magurudumu yote manne kwa pamoja. Huwa na nafasi tatu: upande mmoja breki, katikati huru, upande mwingine kwenda moja kwa moja. Vingi vimewekwa rangi, nyekundu upande wa breki na kijani upande wa kwenda. Vya zamani vina breki kwenye kila gurudumu, na pengine mbili kati ya hizo hazifanyi kazi. Ukiwa unamuuguza ndugu yako, kabla hujamsaidia kushuka kitandani kisukume kitanda kwa paja. Kikisogea, mwite nesi au kiegemeze ukutani kwanza. Mgonjwa anayeshuka anaweka uzito wote kwenye ukingo, na kitanda kikiondoka naye anakwenda chini.

Kiti mwendo kina breki mbili za mkono, moja kila upande, na zote mbili zinabana tairi lenyewe. Hapa kuna jambo ambalo familia nyingi hazijaambiwa: tairi likipungua upepo, breki haishiki. Fimbo ya breki inakwenda mpaka mwisho, inatoa ule mlio wa kufunga, lakini tairi limelegea na linaendelea kuzunguka. Bibi anainuka akiamini kiti kimefungwa. Kwa hiyo jaza upepo kwanza, kiwango kimeandikwa ubavuni mwa tairi, ndipo uangalie breki. Ikiwa bado inalegea, legeza bolti za kishikio chake kwenye bomba la fremu, kisogeze karibu na tairi, kaza, kisha jaribu kukisukuma kiti mtu akiwa amekaa. Fanya pande zote mbili. Upande mmoja ukishika na mwingine usishike, kiti hakitasimama, kitageuka.

Na kabla ya mtu kuhamia au kutoka kwenye kiti, funga breki zote mbili na inua sehemu za kukanyagia miguu. Akizikanyaga hizo wakati anainuka, kiti kinaweza kuinama mbele hata kama breki ni mpya.